Jinsi ya kuchagua memori kadi ya kamera, droni, kinasa sauti na CCTV

Maharusi huingia ukumbini mara moja. Kamera ikijizima sekunde chache baada ya mlango kufunguliwa kwa sababu kadi imeshindwa kumeza data kwa kasi inayotakiwa, hakuna wa kuwaomba warudi nje waanze upya. Mara nyingi kamera haina kosa. Kosa lilifanyika dukani, kadi ilipochaguliwa kwa kuangalia ni GB ngapi na namba kubwa iliyochapwa usoni. Namba hiyo ni kasi ya juu kabisa, tena kwa kawaida ni ya kusoma. Swali la kuuliza ni jingine: kadi ikishapata moto na kujaa robo tatu, itaendelea kuandika MB ngapi kila sekunde bila kushuka? Hatua zote zilizomo humu zinazunguka swali hilo.

Kwanza kijue kifaa

Fungua kitabu cha kifaa (nakala ya PDF hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji) utafute kurasa mbili: inayotaja kadi zinazokubalika, na yenye jedwali la aina za video pamoja na kiwango cha data cha kila moja. Andika mambo matatu.

La kwanza ni umbo la tundu la kadi. SD ya kawaida ina milimita 32 kwa 24, microSD ina 15 kwa 11. Kwa CFexpress, aina ya kadi zenye kasi kuliko SD, Type A ni 20 kwa 28, na Type B ni 38.5 kwa 29.6. Type B inalingana umbo na XQD (aina ya kadi iliyoitangulia), ndiyo maana Nikon Z6, Z7, D850 na D500, zilizotoka kiwandani zikiwa za XQD, ziliweza kutumia CFexpress baada ya kusasishwa programu yake ya ndani. Lakini umbo peke yake lisikudanganye. Canon R5 ina tundu la Type B, na XQD ikiingia humo haitambuliwi.

La pili ni njia ya data ya tundu hilo. Kwa SD, njia tunazokutana nazo kila siku ni mbili: UHS-I yenye kikomo cha 104 MB/s, na UHS-II yenye kikomo cha 312 MB/s. Kuzitofautisha ni rahisi: geuza kadi uangalie mgongoni. UHS-I ina safu moja ya pini, UHS-II ina safu mbili. Kadi ya UHS-II ikiwekwa kwenye tundu la UHS-I itafanya kazi, ila kwa mwendo wa UHS-I, na fedha uliyolipia safu ya pili imelala. Sony a6400 na ZV-E10 ni za UHS-I. Sony A7 III ina matundu mawili yasiyolingana: la kwanza ni UHS-II, la pili UHS-I. Canon 6D Mark II ni UHS-I. Mwenye kamera hizo za UHS-I hana sababu ya kununua kadi ya bei ya UHS-II, isipokuwa anataka kunakili haraka kwenye kompyuta au anajiandaa kubadilisha kamera.

La tatu ni kiwango cha data cha juu kabisa utakachotumia kweli kazini. Kamera inaweza kuwa na uwezo wa 600 Mbps, lakini kama wewe hurekodi kwa 100 Mbps kila siku, nunua kadi ya 100 Mbps na akiba kidogo juu yake.

Hesabu mbili za kufanya kabla ya kutoa pesa

Watengenezaji wa kamera huandika megabiti kwa sekunde (Mbps). Wa kadi huandika megabaiti kwa sekunde (MB/s). Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawa namba ya kamera kwa 8. Video ya 100 Mbps inahitaji 12.5 MB/s. Ya 200 Mbps inahitaji 25. Ya 400 Mbps, kama ile ya Panasonic GH5, inahitaji 50. Ya 600 Mbps, yaani 4K ya fremu 60 katika XAVC S-I (mfumo wa video wa Sony) kwenye Sony A7S III, inahitaji 75. Canon R5 ikirekodi RAW (data ghafi ya kihisi) ya 8K hufika 2,600 Mbps, sawa na 325 MB/s. Kiwango hicho kinapita hata kikomo cha UHS-II, ndiyo maana kamera inadai CFexpress na kuikataa SD kwa kazi hiyo.

Hesabu ya pili ni ya nafasi. Zidisha Mbps kwa 0.45, utapata GB za saa moja. Kwa 100 Mbps ni GB 45 kwa saa. Kwa 200 ni GB 90. Kwa 600 ni GB 270. Shughuli ya harusi yenye saa sita za kurekodi mfululizo kwa 100 Mbps inakula GB 270 kwa kila kamera. Kumbuka pia kwamba kadi iliyoandikwa GB 128 itaonekana kwenye Windows kama 119, na ya 256 kama 238. Hapo hujaibiwa, kompyuta inahesabu kwa mafungu ya 1,024 na kiwanda kinahesabu kwa 1,000.

Kuzisoma alama za usoni

Uso wa kadi umejaa alama, na mbili kati yake huwachanganya hata watu wa kazi. Namba ya Kirumi, I au II, inataja njia ya data. Herufi U yenye namba 1 au 3 ndani yake inataja kasi ya chini kabisa iliyoahidiwa: U1 ni 10 MB/s, U3 ni 30 MB/s. Kadi inaweza kubeba I na U3 kwa pamoja, na hakuna mgongano wowote hapo. Namba 10 ndani ya herufi C ni ahadi ya zamani ya 10 MB/s, sawa na U1.

Alama ya kuifuata kwa video ni V. Namba yake ni MB/s za chini kabisa za kuandika mfululizo: V30, V60, V90. Ukizigeuza kuwa lugha ya kamera, V30 inabeba hadi 240 Mbps, V60 hadi 480, V90 hadi 720. Kwa hiyo 400 Mbps ya GH5 inataka V60, na 600 Mbps ya A7S III inataka V90. Ahadi za V60 na V90 hutimia kwenye tundu la UHS-II tu. Ukiiweka kadi ya V90 kwenye kamera ya UHS-I, uhakika ulio nao ni wa V30.

A1 na A2 ni alama za simu na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Zinapima ni mara ngapi kwa sekunde kadi inaweza kusoma na kuandika vipande vidogo vilivyotawanyika: A2 huahidi kusoma mara 4,000 na kuandika mara 2,000. Kamera huandika mkondo mmoja mrefu, kwa hiyo A2 haikuongezei kitu harusini.

Mwisho kuna SDHC na SDXC, zinazotaja ukubwa na mfumo wa faili. SDHC inaishia GB 32 na hutumia FAT32. SDXC inaanzia juu ya GB 32 hadi TB 2 na hutumia exFAT. FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, ndiyo sababu kamera iliyo na kadi ya GB 32 hukata video ndefu vipande vipande. Vipande hivyo ni salama. Vinakili vyote kwa mpangilio wake, usiache hata kimoja.

Kadi ya "200 MB/s" isiyofika 200

Kadi hii inahitaji maelezo yake peke yake. Madukani zimejaa kadi za UHS-I zilizoandikwa 170 au 200 MB/s, ilhali kikomo cha UHS-I ni 104. Kilichotokea ni kwamba baadhi ya watengenezaji wamebuni njia yao ya kuisukuma kadi kupita kiwango rasmi, na kasi hiyo hupatikana ukitumia rida (kisoma kadi cha kompyuta) inayoielewa njia hiyo. Kamera nyingi haziielewi. Ndani ya kamera kadi hiyo inarudi chini ya 104, na kwa kuandika utaona takribani 80 hadi 90. Si kadi mbaya; ikiwa na V30 inatosha kazi nyingi. Tatizo ni kuinunua ukidhani umepata UHS-II kwa bei nafuu.

CFexpress nayo ina mtego wa namna hiyo hiyo. Kadi iliyoandikwa 1,700 MB/s ya kuandika inaweza kufika huko kwa sekunde kadhaa, wakati inaandika kwenye sehemu ndogo ya haraka iliyotengwa ndani yake. Sehemu hiyo ikijaa, au kadi ikipata joto, mwendo unaanguka vibaya. Kwa mpiga picha anayepiga mfululizo sekunde tatu kisha anapumzika, hilo halina shida. Kwa mtu wa video ya RAW ni balaa. Tafuta maandishi ya kasi ya chini ya kudumu, au alama ya VPG: VPG200 inahakikisha 200 MB/s, VPG400 inahakikisha 400. Kadi ya CFexpress ambayo kiwanda hakitaki kutaja kasi yake ya kudumu iache ibaki dukani.

Kamera ya picha: kinachosubiriwa ni foleni

Kwa picha, kadi yenye kasi ndogo haikatishi kazi, inakuchelewesha. Chukua RAW ya MB 30. Ukipiga picha 80 mfululizo umezalisha GB 2.4, na zote zinasubiri kwenye kumbukumbu ya muda ya kamera. Kadi inayoandika 80 MB/s itazimaliza kwa sekunde 30. Inayoandika 250 MB/s itazimaliza kwa sekunde 10 hivi. Kwenye mpira wa miguu tofauti hiyo ni bao. Kwenye picha za studio, ambako mnapiga moja, mnaangalia, mnarekebisha taa, hakuna tofauti utakayoiona, na V30 ya kawaida inatosha kabisa.

Kamera yenye matundu mawili itumie yote mawili kwa kazi ya malipo: picha ileile iandikwe kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Gharama yake ni mwendo, kwani kamera itakwenda kwa kasi ya kadi iliyo nyuma. Mwenye Canon R5 akiweka CFexpress ya haraka upande mmoja na SD dhaifu ya UHS-I upande wa pili, kisha akachagua kuandika kote kuwili, ameibana CFexpress iende kwa mwendo wa SD. Njia ya kati ni RAW kwenda kadi ya haraka na JPEG kwenda ya pili. Nakala ya JPEG ni ndogo, na siku kadi ya kwanza itakapokufa, JPEG hiyo ndiyo itakayokuokoa mbele ya mteja.

Droni na kamera ndogo za vitendo

Hapa mambo ni mepesi. DJI Mini 3 Pro hurekodi hadi 150 Mbps na Mavic 3 hadi 200 Mbps, yaani 25 MB/s kwa juu kabisa. microSD ya UHS-I yenye V30 inazitosha. Angalia tu orodha ya kadi zilizopendekezwa kwenye kitabu cha droni, kwa sababu huko zimeshajaribiwa kwa majina na ukubwa.

Kinachoharibu kazi ya droni ni betri kutolewa wakati faili halijafungwa. Video ya MP4 huandikiwa taarifa zake za kuifungua pale kurekodi kunaposimamishwa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, data ipo ila kichezeshi hakijui pa kuanzia. Simamisha kurekodi, subiri, kisha zima. Likitokea, usifomati. Irudishe kadi kwenye kifaa kilekile ukiwashe: GoPro, kwa mfano, ikikuta faili lisilofungwa hujaribu kulitengeneza yenyewe.

microSD ndani ya adapta ya SD isiingie kwenye kamera kubwa kwa kazi ya kulipwa. Adapta inaongeza safu nyingine ya miguso inayoweza kulegea, na adapta ya kawaida haina pini za safu ya pili, hivyo UHS-II yote inapotea.

Kinasa sauti

Watu wa sauti hupoteza fedha hapa kwa kununua kasi wasiyoihitaji. WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya 48 kHz, biti 24, chaneli mbili ni 0.288 MB/s tu. Saa moja ni kama GB 1.04. Chaneli nne ni GB 2.07 kwa saa. Hata C10 ya kawaida ina nguvu mara nyingi kupita hapo.

Kinachotakiwa ni kadi ambayo kinasa kinaikubali. Zoom H4n inaishia SDHC ya GB 32; H6 inafika SDXC ya GB 128. Ukiweka GB 128 kwenye kinasa cha GB 32 inaweza kukataliwa mara moja, na hiyo ndiyo bahati nzuri, kwa kuwa mbaya zaidi ni ikikubalika kisha ikakwama katikati ya mahojiano. Vinasa sauti vingi hukata faili la WAV likifika GB 2 na kuanzisha jingine, jambo ambalo kwa mpangilio tuliotaja wa chaneli mbili hutokea baada ya saa mbili hivi. Kadi iliyofomatiwa upya inafanya mruko huo upite salama.

CCTV na kamera ya gari

Kazi hii ni kinyume cha harusi. Kasi inayotakiwa ni ndogo sana, ila kuandika hakukomi usiku wala mchana. Kamera ya 4 Mbps huzalisha GB 1.8 kwa saa, GB 43.2 kwa siku. Kadi ya GB 128 inajaa kabla siku tatu hazijatimia, kisha kamera inaanza kufuta cha zamani na kuandika juu yake. Kwa mwaka kadi hiyo itaandikwa upya nzima zaidi ya mara 120. Chembe za kumbukumbu ndani ya kadi huvumilia idadi yenye kikomo ya kufutwa na kuandikwa, na kadi ya kawaida ya kamera haikuandaliwa kwa adhabu ya namna hiyo. Dhamana za kadi nyingi za kawaida husema wazi kwamba hazihusu CCTV wala kamera za gari.

Nunua kadi za uvumilivu mkubwa: SanDisk High Endurance au Max Endurance, Samsung PRO Endurance, na za aina hiyo. Kisha ongeza ukubwa. Kutoka GB 128 kwenda 256 kunapunguza kwa nusu idadi ya mara ambazo kila chembe inaandikwa, hivyo umri wa kadi unarefuka, na juu yake unapata siku nyingi zaidi za kumbukumbu.

Gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa linaongeza adui wa pili. Kiwango cha SD kinaruhusu kadi kufanya kazi kati ya nyuzi -25 na 85 za selsiasi, lakini joto la kila siku huharakisha kuvuja kwa chaji iliyoshika data. Ichomoe kadi ya gari mara moja kwa mwezi, uitazame video ya jana yake kwenye kompyuta, uifomati kwenye kamera yenyewe. Kadi ya aina hii inapokufa haipigi kelele. Taa inaendelea kuwaka kama kawaida, na ukweli unajulikana siku ya ajali.

Kununua bila kuuziwa feki

Kadi feki ni chipu ndogo, tuseme ya GB 16, ambayo kidhibiti chake kimepangwa upya kidai GB 256. Kompyuta inaamini inachoambiwa. Faili za mwanzo zinakaa vizuri, ndiyo maana ukiijaribu dukani kwa picha tano inapita. Ukivuka GB 16 za kweli, data mpya inatupwa au inaandikwa juu ya ya zamani. Majina ya faili yanaonekana, ukubwa wake unaonekana, ndani hamna kitu.

Baadhi hujifichua kwa macho. Kadi ya GB 64 yenye nembo ya SDHC haiwezi kuwa halali, kwa sababu SDHC inaishia 32. Kadi iliyoandikwa V90 ikiwa na safu moja ya pini ni ya uongo. microSD ya TB 16 haipo duniani, kwa bei yoyote. Maandishi yanayofutika ukiyasugua kwa kidole na pakiti isiyo na namba ya utambulisho ni dalili nyingine. Lakini feki nzuri haionekani kwa macho, iwe imenunuliwa Kariakoo, Luthuli Avenue au mtandaoni. Dai risiti yenye aina na namba ya kadi, mkubaliane siku za kurudisha, kisha ijaribu siku hiyohiyo:

1. Hakikisha kadi haina kitu unachokihitaji, kisha ifomati.
2. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, chagua kadi yako na uiamuru itumie nafasi yote iliyopo, iandike na kuhakiki. Kwenye Linux au Mac tumia F3: amri ya f3write kwanza, kisha f3read.
3. Acha imalize. Kwa kadi ya GB 128 inayoandika 30 MB/s, kuandika peke yake kunachukua dakika 70 hivi. Kwa 80 MB/s ni kama dakika 27. Kuhakiki kunaongeza muda wake. Usikatishe nusu ukaridhika: feki hujificha kwenye nusu ya pili.
4. Soma matokeo. Kadi nzima isiwe na hata sekta moja (kipande kidogo cha kuhifadhia data) iliyopotea au kuharibika. Sekta chache tu zikiharibika kwenye kadi mpya, irudishe. Usikubali kuambiwa zitakaa sawa.
5. Ipeleke kwenye kamera, ifomati humo, chagua mpangilio mzito kuliko yote utakayotumia, urekodi mpaka kadi ijae. Kamera inayojisimamisha kila baada ya nusu saa iwashe tena mara moja. Tazama video hizo mwanzo, katikati na mwisho kwenye kompyuta.

Hatua ya tano ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo pekee inayopima kadi na kamera yako kwa pamoja. H2testw inakuonyesha kasi ya wastani, na wastani unaweza kuwa mzuri huku kukiwa na sekunde mbili mbaya zinazotosha kuikata video.

Moja kubwa au kadhaa ndogo?

Kwa kamera yenye tundu moja, kadi mbili za GB 128 ni bora kuliko moja ya 256. Badilisha katikati ya shughuli, ya kwanza itie kwenye mkebe na mkebe uwe mwilini mwako. Kwa kamera inayoandika kote kuwili, nunua kubwa mbili zinazolingana, usiwe na sababu ya kufungua mlango wa kadi wakati wa kiapo. Usizijaze hadi tone la mwisho. Acha kama asilimia kumi.

Kufomati, rida na kitufe cha kufuli

Fomati kwenye kamera itakayotumika, kabla ya kila kazi, baada ya kuhakikisha nakala ziko sehemu mbili. Kufuta video mojamoja ndani ya kamera ni tabia mbaya kwa sababu ya kiufundi: kadi hupanga data kwa mafungu makubwa, na ahadi ya V30 au V90 inategemea kupata mafungu yaliyo wazi kabisa. Ukifuta hapa na pale unaacha mafungu nusunusu, kadi inalazimika kuhamisha vilivyomo kabla ya kuandika, na mwendo unashuka. Kadi nzuri iliyoanza kukwama mara nyingi hupona kwa SD Memory Card Formatter, programu ya bure ya SD Association, ikifuatiwa na kufomati kwenye kamera.

Rida nayo ni sehemu ya ununuzi. Kwa rida ya USB 2.0 inayokwenda 35 MB/s, GB 128 zinachukua saa nzima. Kwa USB 3 na kadi ya UHS-I yenye 90 MB/s ni dakika 24. Kwa rida ya UHS-II inayosoma 250 MB/s ni chini ya dakika 9. Anayerudi saa nane za usiku na kadi nne anajua thamani ya tofauti hiyo, kwani uchovu ndio unaowafanya watu wafomati kadi ambayo haijanakiliwa.

Kile kitufe kidogo cha kufuli kinachotelezeshwa ubavuni mwa SD hakifungi kitu ndani ya kadi. Swichi iliyo kwenye tundu ndiyo inayokipapasa. Kikivunjika na kudondoka, kamera inaona pengo na kusema kadi imefungwa. Kipande chembamba cha selotepu juu ya pengo hilo kinaifungua kwa dharura, kutosha kumaliza kazi ya siku, basi. Tepu ikibaki ndani ya tundu la kamera, fundi atakula fedha nyingi kuliko bei ya kadi mpya.

Ukifuta kwa makosa, itoe kadi mara moja na usiandike chochote juu yake. Programu ya PhotoRec ni ya bure na huokoa picha nyingi, mradi unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine na si kwenye kadi ileile. Video ndefu huokolewa kwa shida zaidi kuliko picha, kwani vipande vyake vinaweza kuwa vimetawanyika.

Zipe kadi namba kwa kalamu isiyofutika, pamoja na mwezi na mwaka wa kununuliwa. Kadi iliyotoa kosa lisiloelezeka itolewe kwenye kazi za malipo siku hiyohiyo, hata kama baada ya kufomati inaonekana nzima, na ile namba yake ikatwe kwa mstari ili asiyejua asiirudishe kwenye mkebe.